Aliyekupinga Amekusoma

Iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani, ingawa mengi ya mwaka ule nimekwisha kuyasahau. Yalikuwa majira ya mavuno ya ngano kule Hanang. Nilikuwa nimekaa ofisini nikipangusa vumbi kwenye mashine ya chapa, na vumbi lenyewe lilikuwa la namna ambayo ukilipangusa asubuhi, kabla ya chai limerudi. Kombaini za mashamba ya serikali zilikuwa zikivuna uwandani, na upepo ulitupandishia makapi mpaka ndani ya vikombe. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mwalimu Tarmo, mhariri wetu. Hakuvua kofia. Mzee yule alikuwa akivua kofia hata akiingia jikoni, kwa hiyo nikajua kuna jambo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Bodi ya chuo inakuja mavuno yakiisha. Karatasi ni chache mwaka huu. Wanataka kujua jarida letu limezaa nini, na ni nani ameyatumia hayo tuliyoyazaa. Jibu likiwa baya, karatasi zetu watapewa idara ya kilimo."

"Na jarida je?"

"Jarida lisilo na karatasi ni nini, Paskalina? Ni sisi watatu tukipiga soga."

Mwanangu, kabla sijaenda mbali, nikuambie kwa nini nakuletea habari hii ya zamani. Vijana mnaosoma vyuoni mnanijia hapa Tlawi, mnakula viazi vyangu, halafu mnatoa simu mnanionyesha namba. Huyu makala zake zimetajwa mara nyingi, yule hazijatajwa kabisa. Mmoja wenu aliniambia juzi, "Bibi, nimeandika na hakuna aliyenisikia, afadhali niache." Sikumjibu siku ile, maana jibu langu ni refu na yeye alikuwa na haraka ya pikipiki. Leo huna haraka. Keti.

Jarida letu lilikuwa la taaluma ya fasihi. Tulilitoa chuoni kwetu, chuo cha ualimu kilichokuwa mwendo mfupi kutoka Katesh, na tuliliita Malisho. Ndani yake walimu na wakufunzi waliandika juu ya hadithi, nyimbo, vitendawili, riwaya mpya za Kiswahili, na namna ya kuvifundisha vitu hivyo darasani. Halikuwa zuri kwa sura. Nilichapa kila ukurasa kwenye stensili, tukazungusha mashine ya kurudufu kwa mkono, wino ukatutia weusi mpaka viwikoni, halafu tukabana kwa pini. Nakala zikasafirishwa kwenye vyuo vingine kwa basi, kwa posta, na mara nyingi kwa mtu yeyote mwenye safari na mkoba wenye nafasi.

Tulikuwa watatu. Mwalimu Tarmo alikuwa mhariri, mzee wa Mbulu mwenye sauti ya chini. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Wa tatu alikuwa Safari, mkufunzi kijana kutoka Endasak, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Makala yake juu ya nyimbo za Wabarbaig, wafugaji wa uwanda ule, ndiyo tuliyoitegemea kuwa fahari ya jarida. Isitoshe, bodi hiyohiyo iliyokuwa inakuja ndiyo ilikuwa ichague mkufunzi wa kupelekwa chuo kikuu, na Safari alikuwa ameomba.

Sasa elewa vizuri kile bodi ilichokitaka, kwa sababu ndicho hichohicho kinachokusumbua wewe kwenye simu. Walitaka mambo mawili. La kwanza ni makala ngapi tumetoa. Hilo ni jepesi, unafungua kabati unahesabu. La pili ni makala hizo zimetajwa wapi na watu wengine. Mtu akiandika kitu chake, akasema, "Hili nimelipata kwa fulani, katika jarida fulani, ukurasa huu," hapo amekurejelea, na jina lako analiweka mwishoni kwenye orodha ya marejeo. Haya mawili hayafanani. Ghala lililojaa si ushahidi kwamba watu wameshiba.

Mwalimu Tarmo akanipa kazi ya kutafuta marejeo hayo. Chuoni kwetu majarida ya wengine yalikuwa machache na panya walikuwa wameyasoma kabla yetu, kwa hiyo nilipanda lori la ngano lililokuwa likienda Arusha, nikakaa mbele na dereva, mtu mmoja wa Nangwa aliyeniuliza njia nzima kama nakwenda kuolewa.

"Naenda kusoma mwisho wa vitabu," nikamwambia.

"Mwanzo umekwisha kuusoma?"

"Mwanzo hauna ninachokitafuta."

Akakaza macho barabarani mpaka tukafika Minjingu. Nadhani aliona nina matatizo.

Marejeo hukaa nyuma, mwanangu, kwa hiyo ndivyo nilivyosoma katika maktaba zile. Nilifungua kila jarida na kila kitabu cha fasihi kwa nyuma, kama mtu anayeingia nyumba kwa mlango wa uani. Nilipitisha kidole kwenye majina, jina baada ya jina, nikitafuta letu. Siku ya kwanza sikuona kitu. Ya pili vilevile. Nilianza kuona aibu mbele ya mkutubi, kana kwamba nimekuja kudai ndugu katika nyumba wasiyonijua. Halafu nikalikuta mahali pamoja: Malisho, limetajwa kwa makala fupi ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi juu ya vitendawili. Nilikodoa macho kama mtu aliyeona jina la mama yake ugenini. Haba na haba hujaza kibaba, nikajiambia, nikaendelea.

Kibaba hakikujaa. Nilipomaliza, mara tulizotajwa hazikufika idadi ya vidole vyangu vya mikono, na makala tulizokwisha kutoa zilijaza rafu nzima.

Lakini kulikuwa na jambo jingine. Katika jarida la chuo kimoja cha mbali nilikuta makala ndefu ya mkufunzi mmoja mwanamke, jina lake Veronika. Makala yote, tangu aya ya kwanza, ilikuwa inabishana na Safari wetu. Safari alikuwa ameandika kwamba tangu uwanda wa malisho ulipogeuka kuwa ngano, wafugaji wamesogezwa na nyimbo zao zinafifia. Veronika akasema, ndugu huyu amekaa na wanaume tu, amekunywa nao pombe ya asali, kisha akaziita nyimbo zao nyimbo za watu wote. Wanawake wa Kibarbaig wana baraza lao na nyimbo zao, na huko hakwenda hata kupiga hodi. Aliyasema hayo kwa adabu, lakini adabu yake ilikuwa na makali kama wembe mpya. Na wengine wawili walioandika baada yake walikuwa wakiufuata ubishi huo, wakimtaja Veronika, na wakimtaja Safari pia. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya kile kidogo tulichokuwa nacho kilitoka katika ugomvi mmoja.

Nikarudi. Safari alinikuta nashuka kituoni Katesh.

"Haya, dada Paskalina, umeniletea zawadi gani Arusha?"

"Nimekuletea mtu aliyekusoma."

Alitabasamu mpaka alipofika aya ya pili ya nakala niliyoiandika kwa mkono. Alisoma akiwa amesimama katikati ya barabara, mbuzi wakampita huku na huku.

"Huyu mama ananichuna ngozi nami ni mzima," akasema.

"Anasema ulikaa na wanaume tu."

"Na ningekaa na nani? Nimkute mke wa mtu nimwambie niimbie? Ningerudi Endasak bila meno."

Tukatembea mpaka chuoni, naye akiisoma tena ile nakala njiani. Tulipofika ofisini akafunga mlango, akaniambia amepata dawa. Tulikuwa na toleo moja la kutoa kabla bodi haijaja. Katika toleo lile, kila mwandishi angemtaja mwenzake. Mimi nimtaje Mwalimu, Mwalimu amtaje Safari, Safari anitaje mimi, na wote tuwataje wale walioandika zamani. Bodi ingekuta tumetajwa mara nyingi kuliko tulivyowahi kutajwa.

"Hawatauliza nani kamtaja nani," akasema. "Watahesabu tu."

"Na hii ya Veronika?"

"Hii iachwe ilikotoka. Unataka mwenyekiti asome jinsi nilivyovuliwa nguo, halafu anipeleke chuo kikuu?"

Sikuona ubaya wake upesi. Uzito wa kazi ulikuwa umenilemea, na mtu aliyelemewa huona kila kichaka ni kivuli. Mwalimu Tarmo alikuwa amekaa pembeni akipanga stensili. Tulidhani hasikii vizuri, kumbe alikuwa anatusikia kila neno.

"Safari," akasema, "baba yako ana ng'ombe wangapi?"

"Mwalimu, unajua kwetu ng'ombe hawahesabiwi hadharani."

"Vema. Umefunzwa. Basi watu wa Endasak wanajuaje kwamba baba yako ni mtu mzito?"

"Wanajua kwa sababu ng'ombe wake wako kwa watu. Wako Nangwa, wako Basotu, wengine mpaka ng'ambo ya ziwa."

"Zizini kwake je?"

"Wachache tu. Wa maziwa ya nyumbani."

Wewe uliyezaliwa mjini huenda hulijui jambo hili, nikueleze. Huku kwetu nyanda za juu malisho ni finyu, na ugonjwa ukiingia katika zizi moja unamaliza zizi zima. Kwa hiyo mtu mwenye busara hawaweki ng'ombe wake wote nyumbani. Humpeleka huyu kwa rafiki, yule kwa shemeji, mwingine kwa Mbarbaig aliyepatana naye uwandani. Anayemtunza hukamua, hunywa maziwa, hutumia samadi. Lakini ukipita hapo ukamuuliza, "Ng'ombe huyu ni wa nani?" atakuambia bila kusita, "Ni wa fulani wa Endasak." Na ndama akizaliwa, habari inatumwa kwa mwenyewe. Ukoo unapotaka kujua uzito wa mtu hauchungulii zizi lake. Unauliza jina lake linatajwa kwenye mazizi ya nani.

Mwalimu Tarmo akaendelea, mikono yake bado iko kwenye stensili. "Sasa wageni wanakuja kwa baba yako. Yeye anakusanya ng'ombe wa majirani, anawajaza zizini ili wageni waone. Wanakuwa wake?"

"Kwa siku moja," Safari akasema.

"Na siku ya pili?"

"Wenyewe wanakuja na fimbo."

Nikacheka, Safari mwenyewe akacheka, na Mwalimu akaacha kicheko kiishe chenyewe. Halafu akavua ile kofia.

"Toleo unalolitaka ni zizi la kuazima, mwanangu. Simkatazi mtu kumtaja mwenzake akiwa amejifunza kwake. Nami nikiandika leo juu ya jambo nililoliandika jana, lazima niseme nililianza wapi. Hiyo ni haki. Lakini kutajana ili tuonekane wengi, hiyo ni kazi ya debe tupu. Linavuma, na ndani hakuna punje." Akaichukua nakala ya makala ya Veronika. "Huyu mama unayetaka kumficha ndiye hasa ambaye ng'ombe wako analala kwake. Amemkamua. Amelalamika kwamba anapiga teke. Lakini kila ukurasa anasema, ng'ombe huyu ni wa Safari. Nikwambie kitu. Aliyekupinga amekusoma mpaka mwisho. Waliokusifu hapa chuoni, wengine hawakuvuka kichwa cha makala. Nawajua, mimi ndiye niliyewagawia nakala, na nimeziona zikifungia maandazi."

Safari akatoka nje. Alikaa kwenye jiwe, uso ameuelekeza mlimani, na hakuna aliyemfuata. Kemeo la mzee ni kama dawa ya mti mchungu, ukimnywesha mtu usimtazame usoni.

Taarifa tukaiandika ilivyo. Nilipendekeza jambo moja, na Mwalimu akalikubali: tusitaje tu idadi, tueleze kila aliyetutaja alitutaja namna gani. Maana kuna anayekutaja akipita njia, kama mtu anayesalimia kwa kuinua fimbo tu. Kuna anayejenga juu ya kazi yako. Na kuna anayebishana nawe. Namba haiwezi kukueleza tofauti hiyo. Mpaka leo haiwezi, mwanangu, hata ile ya kwenye simu.

Bodi ikaja. Walikaa katika chumba cha mihadhara, na mwenyekiti alikuwa Mzee Lohay, mkaguzi wa shule aliyestaafu, mtu mkavu kama bua la mwaka jana. Mkuu wa idara ya kilimo alizungumza kwanza. Alionyesha vijitabu vyake vya kilimo cha ngano, akaeleza vilivyogawiwa mashambani, na alikuwa na haki, vilikuwa vizuri. Kisha ikawa zamu yetu. Mwalimu Tarmo aliniambia nisome mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekwenda Arusha. Nikasoma.

Mzee Lohay alisubiri nimalize.

"Binti, makala ni nyingi. Waliozitaja hawajazi viganja vyako. Kijitabu cha ngano kinasomwa na dereva wa kombaini. Nyie mnasomwa na nani?"

"Tunasomwa na wachache, Mzee. Na hao wachache wanatubishia."

Mtu mmoja akakohoa. Mwenyekiti akafunua taarifa mpaka pale palipoandikwa habari za Veronika, akasoma polepole, kidole kwenye mstari.

"Huyu Safari anayebishiwa hivi ni nani? Yupo humu?"

Safari alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango. Niliona bega lake likielekea nje. Angetoka, nani angemlaumu? Karatasi zetu zilikuwa mikononi mwa mzee yule, na safari yake ya masomo ilikuwa mikononi humohumo. Akasimama.

"Ni mimi, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mama huyu anasema umekosea. Umekosea?"

Safari akasogea hatua moja mbele.

"Aliposema sikuwauliza wanawake, amesema kweli," Safari akajibu. "Sikuwauliza. Lakini kuhusu malisho hajaniangusha. Anasema nyimbo zipo, nami naamini zipo, ila hajasema zimebadilika vipi tangu watu wahame. Nataka kumjibu, Mzee. Hoja ninayo. Karatasi ndiyo sina."

Kicheko kikaanzia kwa watu wa kilimo, kikazunguka chumba kizima. Mzee Lohay hakucheka, ila masharubu yake yalisogea.

"Na yeye akikujibu?"

"Tutalichapa na jibu lake."

"Hata likikuvua nguo mara ya pili?"

"Ya kwanza nimekwisha kuizoea."

Walitutoa nje wakajadiliana. Tulisimama watatu kwenye baraza, Mwalimu Tarmo akimtazama kijana wake kwa pembeni kama mtu anayemwangalia fahali aliyedhani ni ndama. Walipotuita, uamuzi ulikuwa hivi: karatasi nyingi ziende kwenye vijitabu vya ngano. Sisi tupewe za toleo moja kwa mwaka badala ya mawili, tuchape pande zote mbili, na toleo la kwanza liwe na makala ya Veronika, jibu la Safari, na mtu mwingine yeyote mwenye la kusema juu ya jambo hilo. Baadaye wangetuangalia tena. Safari hakuchaguliwa kwenda chuo kikuu mwaka ule. Nakwambia hivyo kwa sababu sitaki udhani kwamba ukweli hulipa papo hapo. Alichaguliwa baadaye, alipokuwa na mengi zaidi ya kupeleka.

Tulimwandikia Veronika kumwomba ruhusa na kumkaribisha, akakubali. Kisha Safari akaniomba twende wote uwandani, kwa kuwa mimi ni mwanamke na ningeweza kukaa mahali ambapo yeye asingekaribishwa. Tulipokelewa na bibi mmoja mwenye bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko. Nilimweleza kwa msaada wa binti yake aliyesoma kwamba kijana huyu aliandika habari za nyimbo zao kwa kuwauliza wanaume.

Yule bibi alimtazama Safari kutoka kichwani hadi viatuni. "Na habari za kuzaa aliwauliza wanaume pia?"

Wanawake wote wakaangua kicheko. Safari akaambiwa akakae kule kwenye kivuli cha zizi, na akakaa, kutwa nzima, akifukuza nzi. Mimi nikaingia ndani. Sikuruhusiwa kuandika kila nilichosikia, na ambacho sikuruhusiwa sijakiandika mpaka leo. Lakini nilichoruhusiwa kilitosha. Nyimbo zilikuwepo, na ndani yake mlikuwa na majina ya maji na mabonde ambayo sasa yalikuwa ndani ya ngano. Veronika alikuwa na haki na Safari alikuwa na haki, kila mmoja kwa upande wake, na hakuna kati yao ambaye angelijua hilo kama asingebishiwa.

Toleo lile, mwanangu, lilikuwa jembamba kuliko yote tuliyowahi kutoa, na ndilo lililokwenda mbali kuliko yote. Wakufunzi wa vyuo tusivyovijua walituma majibu. Mmoja alitupinga sote watatu kwa pamoja. Wanafunzi wakaanza kututaja katika insha zao, wengine wao wakawa walimu, wakawatuma wanafunzi wao kwetu. Hatukuwa wakubwa. Lakini bodi ilipokuja tena, Mzee Lohay hakutuuliza tunasomwa na nani. Aliuliza kama bado tunagombana, na alipoambiwa ndiyo, akatia saini.

Basi sasa nasaha yangu, nawe uipokee polepole kama chakula cha moto.

Usidharau kuhesabiwa. Bodi ile haikuwa adui yetu, na aliyekupa karatasi, au leo aliyekupa fedha na muda, ana haki ya kuuliza kazi yako imefika wapi. Usipotaka kuulizwa, huenda unajua jibu. Lakini namba isikutume kuazima zizi. Anayetajwa na marafiki zake tu kwa kupatana, siku moja marafiki wataondoka na majina yao, naye atabaki kama nyani asiyeona kundule, akishangaa watu wanacheka nini.

Na huyo aliyekaa chini akakusoma kwa kalamu mkononi, akaonyesha ulipokosea, mshukuru kabla hujamkasirikia. Ukikosa usingizi siku mbili kwa ajili yake, si neno, hata Safari alikosa. Siku ya tatu amka ukaangalie kama amesema kweli. Alipo na haki mpe haki yake mbele za watu, na alipokosea mjibu kwa hoja, ukimtaja jina lake vizuri na ukurasa wake bila kumkata maneno. Kuuliza si ujinga, na kubishiwa si kuvunjiwa heshima.

Na kama hujatajwa bado, usiache. Vitendawili vya yule mwalimu wa shule ya msingi vilikaa muda mrefu hakuna aliyeviona, mpaka mtu mmoja ugenini akavihitaji. Kazi iliyoandikwa kwa uaminifu haina haraka, na mvumilivu hula mbivu. Wewe iandike vizuri, uitume mahali inapoweza kufika, kisha uandike nyingine. Na wewe ukiandika, wataje waliokutangulia, hasa wale wasio na cheo. Yule uliyemtaja leo ndiye atakayejua kwamba kazi yake haikupotea.

Nenda sasa, mwanangu, jua limeinama na njia ya Tlawi ina utelezi. Mungu akujalie macho ya kuona kosa lako kabla hujaona la mwenzako. Akujalie wasomaji wachache walio makini kuliko wengi wapitaji. Na akupe, angalau mara moja maishani, mtu wa mbali usiyemjua atakayebishana nawe kwa heshima, na akupe uhai mrefu wa kumjibu.